Senta Hayupo, Mechi Ipo



Ndugu zangu vijana, wazee wetu na akina mama, sitawachosha. Juzi baada ya taraweh niliwasikia vijana wa timu yetu ya kikapu wakisema tujitoe kwenye mechi ya Idd. Sababu? Wachezaji wetu wawili wazuri hawapo. Mmoja amepata kazi Nairobi, mwengine yuko chuoni mbali. "Tutaaibika," wakasema. Sikuwajibu, maanake na mimi moyoni nilikuwa nafikiri vivyo hivyo. Halafu usiku nikakumbuka kisa kimoja cha Marekani.

Kareem Abdul-Jabbar unamjua, na kama humjui muulize baba. Muislamu mwenzetu, urefu wake mita 2.18, na mwaka 1980 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya NBA kwa mara ya 6. Timu yake, Los Angeles Lakers, ilikuwa fainali na Philadelphia 76ers, na bingwa ni yule wa kwanza kushinda mechi 4. Katika mechi ya 5 Kareem akateguka kifundo cha mguu. Alirudi uwanjani akichechemea, akafikisha pointi 40, Lakers wakashinda. Sasa ni mechi 3 kwa 2. Lakini ya 6 inachezwa kule Philadelphia na mguu haufai. Kareem akabaki nyumbani Los Angeles.

Watu wakasema hiyo ya 6 imekwenda, tungojee ya 7. Na jueni kwamba hata kocha, Paul Westhead, alikuwa msaidizi tu mwanzo wa msimu. Kocha mwenyewe alianguka baiskeli Novemba 1979, akaumia vibaya. Yaani kocha wa akiba, na timu haina senta! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Westhead alimweka katikati Magic Johnson, kijana wa miaka 20, mwaka wake wa kwanza kwenye ligi, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuleta mpira mbele. Lakini hapa tazama vizuri. Magic hakuambiwa awe Kareem. Ule mtupo wa Kareem wa kuzungusha mkono juu ya kichwa hakuwa nao. Walibadilisha mchezo. Kareem akiwepo, mpira humngoja afike chini ya ringi ndipo apasiwe. Sasa hakuna wa kungojwa, basi wakakimbia. Na kule nyuma Jim Chones akapewa kazi ya kumkaba Darryl Dawkins, lile pande la mtu.

Mapumziko, 60 kwa 60. Mwisho, 123 kwa 107, Lakers bingwa, tarehe 16 Mei 1980. Magic alitia pointi 42, akadaka mipira 15 iliyogonga ringi, na mitupo huru 14 hakukosa hata mmoja.

Haya, Magic kila mtu anamjua. Mimi nimpendaye katika kisa hiki ni Jamaal Wilkes, naye Muislamu, zamani akiitwa Keith. Usiku ule alitia pointi 37. Thelathini na saba, fainali! Na leo ukiwauliza watu watakutajia Magic peke yake. Pointi zile hazikumshukia usiku mmoja. Alikuwa anafunga msimu mzima, ila macho ya watu yalikuwa kwa wengine.

Tusidanganyane, Lakers haikuwa timu ya mtaani, na Magic si kijana wa kawaida. Sisi tunaweza kufungwa, tena vibaya. Lakini miaka miwili sasa tunawatupia mpira wale wawili halafu tunasimama kutazama. Nani kati yetu anaweza nini, hatujui, maana hatujajaribu. Yule mdogo wetu anayeshika chupa za maji, juzi nilimwona akitupa kutoka pembeni, akatia 6 mfululizo. Hakuna mwengine aliyekuwa akimtazama.

Basi jina la timu sijaliondoa. Mechi ni Idd Mosi baada ya Alasiri. Mazoezi ni kila siku baada ya taraweh, na wa kumkaba senta wao bado hatujampata. Ukiwa mrefu njoo. Ukiwa mfupi njoo vilevile, tutakimbia.