Kuupima Upepo wa Kati ya Nyota



Siku isiyo na upepo, panda baiskeli uteremke mlima. Hewa itakupiga usoni. Si kwamba upepo umeanza kuvuma. Ni wewe unayekwenda.

Jua letu nalo ni hivyo hivyo. Halikai mahali pamoja. Linasafiri, na dunia yetu inakwenda nalo. Tena, kati ya nyota na nyota si kutupu kabisa, mna gesi. Jua linapopita humo, sehemu ya gesi hiyo huingia hadi huku kwetu kama upepo.

Lakini ni upepo mwembamba mno! Ukichota debe moja la lita 20, utapata humo chembe za heliamu kama 300 tu. Heliamu ni ile gesi ya kujazia maputo. Debe la hewa yetu hii, nani awezaye kuhesabu chembe zake?

Tulipozungumza habari hii katika kisomo cha jioni, mama mmoja akatuuliza, "Sasa mwalimu, kitu chembamba hivyo kinapimwaje?" Swali zuri. Chombo hupelekwa angani kikiwa na bamba. Chembe ya heliamu ikiligonga bamba, inabandua chembe nyingine. Hizo ndizo zinazohesabiwa.

Chombo kiitwacho Ulysses kilirushwa mwaka 1990. Kikapata kwamba upepo huo unakwenda kilomita 26 hivi kwa sekunde. Mwaka 2008 Wamarekani wakarusha kingine, IBEX. Hiki kilinasa heliamu mwanzoni mwa mwaka, wakati dunia inapoukabili upepo. Mwaka 2012 wataalamu wake wakatangaza kilomita 23.

Basi pakazuka mabishano. Nani kakosea? Wengine wakasema labda upepo wenyewe umebadilika. Na jambo hili si dogo, maana upepo huo unalibana povu kubwa linalolizunguka Jua, povu linalotukinga na sehemu ya mionzi mikali itokayo mbali.

Wakapima tena miaka kadhaa, wakarudia na hesabu za Ulysses. Kufikia mwaka 2015 majibu yakakaribiana: kilomita 25 na nusu hivi. Kumbe joto la gesi ndilo lililokadiriwa dogo. Ni nyuzi zaidi ya 7,000! Msiogope, chembe ni chache mno, haziunguzi hata unywele.

Shida ya IBEX ni kuwa jicho lake haligeuki. Chombo kipya, IMAP, kilichorushwa Septemba 2025, kimepewa jicho linalogeuka, ili kiufuate upepo huo sehemu kubwa ya mwaka.