Hataki, au Hawezi?

Hotuba kwa wazazi wa Kibaha na Kisarawe



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena, ndugu wa Maili Moja, Tumbi na Mlandizi, pamoja na ndugu waliopanda gari alfajiri kutoka Kisarawe mjini na Maneromango. Mada ya leo ni malezi. Kwa desturi mada hii huzungumzwa kwa maneno ya jumla: tuwafundishe watoto sala, tuwazoeze tabia njema. Hayo ni haki. Lakini leo tumeona tuwazungumzie watoto wa aina mbili wanaowachosha sana wazazi wao, na ambao watu huwachanganya: mtoto mkaidi na mtoto mwenye usonji.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Katika msikiti mmoja wa pande hizi alikuwapo mama aliyekuja na mwanawe wa miaka sita. Mtoto yule hakuwa akisema. Kipaza sauti kilipowashwa aliziba masikio, akapiga kelele, kisha akakimbia baina ya safu. Siku moja mmoja wetu akamwambia mama yule, mbele ya watu, kwamba mtoto wake amekosa fimbo. Mama hakujibu. Alimshika mwanawe mkono akaondoka, na hatukumwona tena kwa muda wa mwaka mzima. Nasi tuliokaa kimya siku ile tulishiriki katika kosa lile.

Usonji ni nini? Ni hali inayotokana na jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hii. Basi tusidhani kwamba ni jambo la Ulaya lisilofika kwetu. Limo katika mitaa yetu, ila mara nyingi limefungiwa chumbani.

Dalili zake huanza kuonekana mapema. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haitiki kwa jina lake. Wa mwaka mmoja na nusu haonyeshi kitu kwa kidole ili nawe ukitazame. Wengine huanza kusema kisha maneno yakapotea. Wengine hurudiarudia mchezo mmoja, hukataa chakula kwa sababu ya mguso wake mdomoni, au hulia sana njia ya kwenda dukani inapobadilishwa. Tena hawafanani: yuko asiyesema kabisa, na yuko asemaye vizuri na kuhifadhi mengi kwa kusikia mara chache tu.

Chanzo chake kikubwa ni maumbile ya kurithi. Katika utafiti mdogo wa watoto wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2006, walikuwamo pia ambao dalili zao zilidhihirika baada ya malaria kali. Wapo wanaosema kwamba chanjo ndiyo huleta usonji. Maneno hayo yalienea baada ya makala ya Andrew Wakefield iliyotolewa mwaka 1998 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta makala hiyo, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi ile. Wala si kweli kwamba mtoto huyu ameletwa na laana, au na dhambi ya mama yake. Ni wanawake wangapi wameachwa kwa tuhuma hiyo? Tumwogope Mwenyezi Mungu.

Sasa tumtazame mtoto mkaidi. Huyu anakuelewa vizuri. Ukimkataza, hukutazama usoni apime kama utashika neno lako. Akilia kwa kutaka kitu, hunyamaza kidogo asikilize kama unakuja, na akikipata hutulia. Mtoto mwenye usonji anapolemewa na kelele, mwanga au badiliko la ghafla, hulia hata asipokuwapo wa kumtazama, na hata ukimpa alichokuwa akikitaka huenda asitulie. Mmoja hataki, mwingine hawezi. Kwa hiyo kabla hatujanyanyua mkono, tujiulize: huyu hataki, au hawezi? Tukumbuke pia kwamba mtoto mmoja aweza kuwa na yote mawili. Leo hawezi, kesho hataki, na mzazi hana budi kumsoma kila siku.

Kwa mtoto mkaidi, tuweke amri chache na tuzishike. Mama akikataza na baba akiruhusu, mtoto hujifunza kwamba amri zetu zina mlango wa nyuma. Tumpe nafasi ya kuchagua katika mambo madogo: utaoga kwanza, au utapanga madaftari kwanza? Atende jema, tumsifu papo hapo. Tusitishe tusilokusudia kulitenda. Ukaidi wenyewe si ubaya mtupu. Mtoto asiyeyumbishwa leo aweza kuwa mtu mzima asiyenunulika kesho.

Kwa mtoto mwenye usonji, tutumie maneno machache, agizo moja kwa wakati mmoja. Tumwonyeshe kwa picha au kwa kitu chenyewe: kata na ndoo kwa kuoga, mkeka kwa sala. Siku yake iwe na utaratibu ule ule, na badiliko atangaziwe mapema. Akilemewa, apelekwe mahali pa utulivu, na sauti zetu zishuke. Zaidi ya yote, alindwe. Wengi wao huondoka nyumbani bila kuaga, na wengine huvutwa mno na maji. Kwetu ipo Barabara ya Morogoro yenye malori usiku na mchana, ipo reli, vipo visima visivyofunikwa, na upo Mto Ruvu. Majirani wamjue, na nguo yake ishonewe namba ya simu ya mzazi. Lakini kumfunga kamba au kumficha si ulinzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna ya kumvunjia heshima.

Mwenye wasiwasi juu ya mwanawe aanze katika kliniki ya watoto, aombe kwanza masikio yapimwe, kisha apate rufaa ya hospitali ya mkoa pale Tumbi, na ikihitajika Muhimbili. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na anayekuuzia dawa hiyo anakula fedha zako. Mafunzo ya mawasiliano na ya kazi za kila siku ndiyo yanayosaidia, na yakianza mapema husaidia zaidi. Dua tuiombe kila siku, wala isiwe sababu ya kuacha kwenda hospitali.

Ndugu wapenzi, tunao mfano bora. Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) alirefusha sijida mjukuu wake alipompanda mgongoni, na alifupisha sala aliposikia kilio cha mtoto ili asimtaabishe mama yake. Kilio hakikumfanya amfukuze mama. Naye Abdullah bin Umm Maktum, aliyekuwa kipofu, alipewa kazi ya kuadhini.

Mama yule tuliyemtaja tulimwendea hatimaye, tukamwomba radhi. Tulikubaliana kwamba kipaza sauti cha ndani kipunguzwe, na mtoto akae karibu na mlango pamoja na mjomba wake. Ijumaa ya tatu tukatoka tukakuta ndala na makobazi yetu yote yamepangwa ukutani, makubwa kwa madogo, kila kimoja na mwenziwe. Hakuna aliyemwagiza. Tangu siku hiyo hiyo ndiyo kazi yake, na ukikiweka kiatu ovyo atakurudisha ukakiweke sawa.

Basi tunawaomba kila mmoja, atakaporudi mtaani kwake, aitafute nyumba moja yenye mtoto wa namna hii. Abishe hodi, akae naye saa moja ili mama apumzike, kisha awaalike wote wawili msikitini. Mwenyezi Mungu atujaalie subira juu ya watoto wetu, na atusamehe kwa wale tuliowapiga kwa jambo wasiloliweza. Amin.