Mafuta Katika Mishipa ya Damu

Leo twazungumza juu ya mafuta tunayoyala.

Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones wa Kampala walitangaza kwamba Waafrika wa Uganda, ambao chakula chao kilikuwa na mafuta machache, walikuwa na kolesteroli kidogo katika damu, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa nadra sana. Waasia wa huko huko walikuwa nayo nyingi zaidi, na ugonjwa huo uliwasumbua. Sisi tulio kwenye reli iendayo Kampala tusijidanganye kwamba rangi yatukinga. Chakula chetu kimebadilika.

Mafuta ya nyama, siagi, na mafuta ya kupikia yanayoganda hulizuia ini lisiondoe kolesteroli ya kutosha katika damu. Iliyozidi huingia katika ukuta wa mshipa. Si kama ukoko wa mabomba ya injini ya mvuke, unaoshika juu tu. Hii huuvimbisha ukuta wenyewe, miaka mingi, bila maumivu. Uvimbe ukipasuka, damu huganda pale pale, na mtu huanguka kazini. Mwembamba naye huanguka. Sigara huzidisha.

Hatusemi tuache kuku wa Bungoma! Aondolewe ngozi, basi. Chipsi za stendi tuzipunguze, maharagwe tuyaongeze.

Twapimwa macho kabla ya kukabidhiwa garimoshi. Tawi lidai katika mapatano yajayo kwamba kolesteroli nayo ipimwe, na gharama isikatwe katika mshahara.