Mtu Aliyesema, "Heri Nisingalizaliwa": Somo la Sinema na Krismasi

Wewe uliye na karatasi hii mkononi, soma pole pole. Ukifika mahali palipoandikwa TUA HAPA, weka karatasi chini, fikiri, kisha zungumza na mwenzako aliye karibu nawe.

Leo tutazungumza juu ya sinema. Watu wengi husema kwamba sinema ni mchezo tu, ni jambo la kupitisha jioni. Kufurahi si kosa. Mtu aliyefanya kazi kutwa ana haki ya kukaa, kutazama na kucheka. Lakini sinema njema ni kama hadithi za bibi zetu. Hadithi ikiisha, watoto wamecheka, na bado kuna neno limebaki moyoni. Leo tutajifunza kulitafuta neno hilo. Na kwa kuwa somo hili ni la majira ya Krismasi, tutaitazama sinema moja ya Krismasi.

Kwanza, maneno matatu ya leo. Yasome kwa sauti.

Akiba na mikopo: watu huweka fedha zao pamoja katika chama, na mwenye haja hukopeshwa kutoka katika fungu hilo.

Mkaguzi: mtu anayekuja kuangalia hesabu za fedha kama ni sawa.

Bima ya maisha: mapatano ambayo mtu hulipa fedha kidogo kidogo, na akifa, jamaa zake hupewa fungu la fedha.

Sasa tuanze.

SINEMA YENYEWE

Sinema hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1946. Jina lake ni It's a Wonderful Life, yaani Maisha ni Mazuri Ajabu. Aliyeiongoza ni Frank Capra, mtu aliyezaliwa Italia mwaka 1897 na kuhamia Marekani pamoja na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Mchezaji mkubwa ni James Stewart, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa ndege za vita.

Hadithi yenyewe ilianza kwa namna ya ajabu. Mwandishi mmoja, Philip Van Doren Stern, aliandika hadithi fupi, lakini hakupata wa kuichapisha. Basi mwaka 1943 aliichapisha mwenyewe, nakala 200, akawapelekea jamaa na rafiki zake iwe kadi ya Krismasi. Kadi moja ikawafikia watu wa sinema, nao wakainunua hadithi.

Katika picha utaona theluji, yaani ile barafu laini inayoanguka kutoka mawinguni kama pamba. Si theluji ya kweli. Picha zilipigwa California, wakati wa miezi ya joto. Zamani watengeneza sinema walitumia vipande vikavu vya mahindi vilivyopakwa rangi nyeupe, lakini vilipiga kelele vikikanyagwa. Safari hii walitumia povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Theluji hiyo ilianguka kimya, na mafundi wake wakapewa tuzo.

Nakuambia haya ili ujue kwamba sinema ni kazi ya mikono ya watu. Unachokiona kimetengenezwa. Lakini kitu kilichotengenezwa kinaweza kusema kweli, kama vile hadithi ya sungura na fisi inavyoweza kusema kweli.

HADITHI YA GEORGE BAILEY

Katika mji mdogo uitwao Bedford Falls aliishi mtu jina lake George Bailey. Tangu utoto alitamani kusafiri, aione dunia, ajenge madaraja na majumba makubwa. Hakusafiri. Kila alipotaka kuondoka, jambo lilitokea.

Alipokuwa mtoto, mdogo wake Harry alitumbukia katika maji yaliyoganda. George aliruka akamwokoa, na kwa baridi ile sikio lake la kushoto likawa kiziwi. Baada ya hapo alifanya kazi ndogo katika duka la dawa. Siku moja mwenye duka alipokea simu ya maandishi kwamba mwanawe amekufa. Kwa majonzi, akatia sumu katika dawa ya mtoto mgonjwa bila kujua. George aliona, hakuipeleka ile dawa. Alipigwa kwanza, ndipo mzee akatambua, akamkumbatia akilia.

Baba yake alipokufa, George alishika chama kidogo cha akiba na mikopo ambacho baba alikuwa akikiongoza. Fedha alizoziweka kwa ajili ya masomo yake akampa Harry. Siku ya arusi yake watu waliingiwa na hofu, wakakimbilia chama kudai fedha zao zote kwa pamoja. George na mkewe Mary walikuwa na dola 2,000 za safari ya arusi. Walizitoa zote, wakamgawia kila mtu cha kumtosha kwa siku chache. Jioni zilibaki dola 2 tu, na chama kikaokoka.

Katika mji huo alikuwako tajiri mmoja, Bwana Potter. Nyumba mbovu walizopanga maskini zilikuwa zake, na benki alikuwa na nguvu nayo. Ni chama cha George tu kilichowawezesha watu wa kazi kujenga nyumba zao wenyewe.

TUA HAPA. Je, katika mji wako kiko chama cha akiba na mikopo? Nani husaidika nacho? Nani hakipendi, na kwa nini?

Sasa sikiliza jambo lililotokea tarehe 24 Desemba, siku moja kabla ya Krismasi. Mjomba Billy, aliyekuwa akifanya kazi chamani, alikwenda benki kuweka dola 8,000. Alimkuta Potter, akamtambia kwa habari za gazeti, kwa kuwa Harry alikuwa amepewa nishani ya vita. Katika kutamba akaifunga bahasha ya fedha ndani ya gazeti la Potter, akamrudishia. Potter alipofungua na kuona, alinyamaza. Fedha akazishika.

Na siku hiyo hiyo mkaguzi amefika. Hesabu imepungua dola 8,000. George anaona mbele yake kifungo na aibu. Anamwendea Potter, anamwomba mkopo. Hana dhamana ila bima ya maisha ya dola 15,000. Potter anamcheka, anamwambia kwamba akifa ana thamani kuliko akiwa hai.

Tafadhali lisome tena jambo hilo. Mtu ameambiwa kwamba maiti yake ina bei kuliko yeye mwenyewe.

George anarudi nyumbani. Mti wa Krismasi umepambwa, mtoto anapiga kinanda, mwingine ana homa. Naye anawafokea wote, anavunja vitu, anatoka katika theluji. Watoto hawaelewi baba yao amepatwa na nini. Anafika darajani, anayatazama maji, anafikiri kujiua.

Hapo malaika aitwaye Clarence, mzee mcheshi asiyepata bado mabawa yake, anajitupa majini kabla yake. George, kwa desturi yake ya siku zote, anasahau shida zake na kuruka kumwokoa. Kisha anasema, "Heri nisingalizaliwa." Malaika anamjibu: vema, hukuzaliwa. Nenda ukatazame.

George anatembea katika mji wake, na hakuna anayemjua. Nyumba zilizojengwa kwa msaada wa chama hazipo, mahali pake ni makaburi. Mwenye duka la dawa alifungwa kwa sababu mtoto alikunywa sumu. Harry alikufa katika barafu akiwa mtoto. Na kwa kuwa Harry alikufa, wanajeshi wote aliowaokoa vitani walikufa pia, maana hakuwako wa kuwaokoa. Mji wote umekuwa mali ya Potter, hata jina lake.

George analia kwamba anataka kuishi tena. Anakubaliwa. Anakimbia nyumbani, tayari hata kwa kifungo. Kumbe mkewe Mary amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba George ana shida. Watu wanaingia, mmoja baada ya mwingine, wanamwaga fedha mezani. Hata yule mkaguzi anatoa chake.

TUA HAPA. Nani aliyemwokoa George: malaika, Mary, majirani, au yeye mwenyewe kwa matendo yake ya zamani?

TUTAZAME KWA MACHO MAWILI

Mwanafunzi mmoja anaweza kusema, "Mwalimu, hii ni sinema. Katika maisha ya kweli majirani hawaji na kapu la fedha." Ni neno la haki, tulipime.

Angalia kwanza kwamba Potter hakukamatwa. Dola 8,000 hazikurudi. Mpaka picha inakwisha, mwizi yuko kwake na fedha anazo. Kwa hiyo sinema hii haisemi kwamba kila baya hulipwa upesi. Inasema jambo dogo kuliko hilo, nalo ni la kweli zaidi: msaada wa mtu mmoja huenda mbali kuliko macho yake. George hakujua kwamba kumwokoa mdogo wake kulikuwa pia kuwaokoa wanajeshi ambao hakuwaona kamwe.

Angalia pili kwamba George alinyamaza. Aliificha shida yake kwa aibu, na aibu ikampeleka darajani. Mary alisema. Alifungua mlango, akawaendea watu. Fedha zilikuja kwa sababu kulikuwa na mtu aliyesema. Ndugu yangu, huenda nawe umefika mwezi wa Desemba mfuko ukiwa mtupu. Karo inadaiwa, watoto wanauliza nguo mpya, na mwenye duka anakutazama. Baba wengi na mama wengi huwa wakali siku hizo, na kisa si watoto. Ni aibu. Usikae nayo peke yako. Mwambie mwenzako wa nyumbani, mwambie rafiki, mwambie mzee unayemwamini. Shida iliyosemwa hupata mikono mingi. Na mwenzako akikuambia kwamba heri asingalizaliwa, usimcheke, wala usimwache peke yake.

MAANA YA KRISMASI

Krismasi ni sikukuu ya kuzaliwa mtoto. Wakristo hukumbuka kwamba Yesu alizaliwa Bethlehemu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni, mama yake alimlaza horini, mahali pa kulishia wanyama. Waliopewa habari kwanza ni wachungaji waliokesha na kondoo zao. Wenzetu Waislamu nao humheshimu Nabii Isa, na katika Kurani husoma juu ya Mariamu aliyejifungua chini ya mtende. Katika masimulizi yote mawili hakuna kitanda kizuri wala karamu. Yuko mama, yuko mtoto, basi.

Pilau ni tamu, na nguo mpya humpendeza mtoto. Tusizidharau. Lakini zikikosekana, sikukuu haikukosekana. Kilichosherehekewa tangu mwanzo ni kwamba mtu amezaliwa, na kuzaliwa kwake kumeleta heri kwa wengine. Sinema ya George inauliza swali hilo hilo kwa mtu wa kawaida: je, kuzaliwa kwako kumemfaa nani?

Kwetu mtu akifa, majirani huja. Huleta unga, kuni, kanga na michango. Watu hukesha, na mmoja mmoja husimama na kutaja mema ya marehemu. Ni desturi njema. Lakini yeye hasikii. George Bailey alipewa bahati ambayo wengi hawaipati: aliliona pengo lake akiwa hai bado, na akasikia shukrani za watu kwa masikio yake, hata kwa lile moja lililobaki.

Nimalizie habari ya sinema yenyewe. Ilipotoka mwaka 1946 haikurudisha gharama zake. Ilisahauliwa karibu miaka 30. Mwaka 1974 haki yake haikuandikishwa upya, basi vituo vya televisheni vya Marekani vikawa vinaionyesha bila malipo kila Krismasi. Hivyo ndivyo watu walivyoipenda. Kazi njema iliyodharauliwa ikaja kujulikana baadaye.

KAZI YA JUMA HILI

Wewe sasa unajua kuandika. Fikiri mtu mmoja aliye hai aliyekusaidia wakati fulani: aliyekulipia karo, aliyekupeleka hospitali usiku, aliyekupa shamba la kulima, au aliyekufundisha kazi. Mwandikie barua. Anza kwa salamu. Mwambie jambo alilofanya, bila kupamba. Mwambie lilikufikisha wapi. Tia sahihi yako.

Kama hawezi kusoma, nenda kwake umsomee.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini Potter alinyamaza alipoziona fedha?
2. Je, George alikosa alipowafokea watoto wake? Angalifanya nini?
3. Ni jambo gani unaloweza kumfanyia jirani katika sikukuu bila kutoa fedha?

Kwaherini, na sikukuu njema kwenu nyote. Barua hiyo usiiweke mpaka mwakani.