Uhuru Uliofichwa



Januari 1, 1863, Rais Lincoln wa Marekani alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Lakini Texas mabwana waliendelea kuwatumikisha watu mpaka Juni 19, 1865, askari wa Serikali walipoisoma amri mjini Galveston. Miaka miwili na zaidi walilima pamba ya bwana, na hali sheria imekwisha wafungua!

Wakaifanya siku hiyo sikukuu. Uwanja wao hawakuwa nao; mwaka 1872, mjini Houston, walichanga fedha wakanunua ekari 10. Uwanja ungalipo, na tangu 2021 sikukuu hiyo ni ya taifa zima.

Ndugu zangu, uhuru wa karatasi hautoshi. Lipeni ada, jengeni tawi lenu wenyewe.

Uhuru na Kazi!