Rukwa si mahali pa kutupwa mtumishi

(Ifuatayo ni hotuba waliyosomewa walimu na watumishi wa serikali waliopangiwa kazi kwa mara ya kwanza katika Mkoa wa Rukwa.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mkoa ambao wengi wenu mmeusoma katika barua zenu za ajira kabla hamjapata kuuona kwa macho. Nalifahamu vyema neno litumikalo mtu apatapo barua ya namna hiyo. Hasemi amepangiwa Rukwa. Husema ametupwa Rukwa. Jamaa zake humpa pole kama aliyefiwa, na rafiki zake humwuliza kama hana mtu wizarani wa kumsaidia abadilishiwe kituo. Neno hilo "kutupwa" ndilo ninalotaka tulichunguze, kwa kuwa naamini limewanyima watoto wa mkoa huu walimu wengi kuliko barabara mbovu zilivyopata kuwanyima.

Tuanze na mkoa wenyewe. Rukwa ulifanywa mkoa mwaka 1974, Sumbawanga na Mpanda zikiwa pamoja. Mwaka 2012 Mpanda ilitoka, ukazaliwa Mkoa wa Katavi, na Rukwa ikabaki na wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Ni mkoa wa kadiri, si katika ile mikubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,540,519. Zimeongezeka nafsi zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi. Anayedhani kwamba huku ni porini ambako watu wanakimbia, na azitazame tarakimu hizo mara ya pili. Baadhi ya nafsi hizo ni watoto waliozaliwa humo, ambao sasa wanahitaji madarasa. Lakini wengine ni watu waliohamia kwa hiari yao. Wafugaji wa Kisukuma waliteremka na ng'ombe wao hadi Bonde la Rukwa tangu miaka ya 1970 na 1980, na wengine wamewafuata. Hakuna aliyewapa barua, wala hakuna aliyewapa pole. Waliona malisho na ardhi, wakaja. Ni sisi tu, tulio na mshahara wa kila mwezi, tunaoingia Rukwa tukilia.

Yawapasa pia mjue kwamba Rukwa si nchi ya namna moja. Katikati upo uwanda wa juu wa Ufipa, nchi ya nyasi na baridi, ulioinuka kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Mji wa Sumbawanga uko huko juu, chini ya milima ya Mbizi. Magharibi nchi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, lililo mita 773 juu ya usawa wa bahari, ambalo kina chake cha mita 1,470 hulifanya kuwa la pili duniani kwa kina. Huko ndiko ziliko Kirando, Kipili na Kasanga, na huko mtumishi hula migebuka na dagaa wabichi na kulala bila blanketi. Mashariki nchi inaporomoka tena hadi Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kuyatoa maji yake, ambalo kwa sababu hiyo lina magadi, na hupanuka na kunywea kufuatana na miaka ya mvua. Mwalimu wa Namanyere na mwalimu wa Mtowisa wote wataandika anwani ya Rukwa, lakini mmoja atavaa sweta na mwingine atatafuta kivuli. Basi mtu akikwambia "Rukwa kuko hivi", mwulize kwanza ni Rukwa ipi aliyoishi.

Sasa niliseme lile ambalo wengi wenu mnalifikiria, na hamtalisema mbele ya Mwenyekiti: uchawi. Sifa hiyo imeenea nchi nzima, na utani wa ungo na radi haujaisha hata miongoni mwa wasomi. Wenyeji hueleza kwamba jina la Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. Yaani aingiaye mjini aache nje mambo hayo. Mji unaomwamuru mgeni autupe uchawi ndio huo huo tuliougeuza kuwa mji mkuu wa uchawi! Wala sisemi kwamba hapana maovu yaliyotendwa kwa kisingizio hicho. Mwaka 2013 watu wenye ualbino walishambuliwa na kukatwa viungo mkoani humu, mtoto mmoja akiwamo, kama ilivyotokea katika mikoa mingine pia. Ule ulikuwa ujinai, na dawa yake ni polisi, mahakama na shule. Lakini shule isiyo na walimu haiwezi kuwa dawa ya kitu chochote. Mwalimu anayekimbia Rukwa kwa kuogopa ushirikina anauachia ushirikina uwanja mzima.

Ama kuhusu radi, nchi iliyoinuka, iliyo wazi bila miti mingi, tena iliyo kati ya maziwa mawili, haiwezi kukosa ngurumo katika majira ya mvua. Mwalimu wa fizikia atakayekwenda huko ana somo lililo tayari juu ya paa la darasa lake: waya mnene wa shaba uliofungwa mahali pa juu na kuzikwa vizuri ardhini. Akiwashawishi wazazi wa kijiji kimoja tu wachangie waya huo, amefanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya kwa hotuba.

Wapo wanaodhani kwamba wanakwenda kuwaletea ustaarabu watu wasiokuwa nao. Hawa nawaonya mapema. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuru za udongo zilizopita urefu wa mtu, ziitwazo malungu, zikivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Na baadhi ya tanuru hizo zilibaki zimesimama muda mrefu baada ya chuma cha kigeni kuiua kazi hiyo. Kilimo chao ni mfano mwingine. Kwa kuwa uwanda hauna misitu mingi ya kukata na kuchoma ili kupata majivu, walibuni ntumba: mvua zinapokaribia kwisha mkulima hukata majani mabichi na kuyafukia ndani ya vilima vya udongo, yakaoza na kuwa mbolea, na juu yake akapanda maharage, msimu ufuatao huvivunja vilima hivyo na kusia ulezi. Leo tunayaita hayo mboji na mzunguko wa mazao, tunayafundisha kutoka vitabuni, na mwanafunzi aliyekaa mbele yetu ameyaona kwa bibi yake. Na kwenye mto Kalambo, unaotutenganisha na Zambia, juu kidogo ya maporomoko yanayoshuka zaidi ya mita 200, wachimbaji wa mambo ya kale upande wa Zambia wamepata magogo yaliyochongwa yakaunganishwa na binadamu. Taarifa iliyotolewa mwaka 2023 ilisema umri wake ni yapata miaka 476,000. Mwalimu wa historia wa Matai ana nini cha kumwonea wivu mwalimu wa Dar es Salaam?

Nataka nikae kidogo juu ya mtu mmoja, kwa sababu yeye anatufaa sisi watumishi kuliko takwimu. Mjini Sumbawanga iko hospitali iitwayo Dokta Atiman. Adrian Atiman alizaliwa mbali sana, katika nchi ya mto Niger karibu na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo kwa mipaka ya leo pako Katavi lakini palikuwa ndani ya Rukwa hadi mwaka 2012. Alitibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 katika kituo kimoja. Hakuzaliwa katika nchi hii, hakuijua lugha yake, na kama yuko binadamu aliyekuwa na haki ya kusema "nimetupwa", basi ni yeye, aliyepata kununuliwa na kuuzwa. Simtaji ili niwadai ninyi miaka 67! Mkitupatia sita au saba ya kazi ya dhati, tutashukuru. Namtaja kwa kuwa watu wa mwambao ule wameendelea kulitumia jina la mgeni yule, na mgeni aliyefanya kazi hakubaki kuwa mgeni.

Sasa tuje kwenye mambo ya mfukoni, maana mtumishi hali historia. Ngazi za mishahara ya serikali ni zile zile nchi nzima, lakini bei za vitu si zile zile. Katika miaka ya 1970 na 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na hata leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga. Mahindi, maharage, ulezi na alizeti mtayapata kwa mkulima mwenyewe, si kwa mtu wa nne. Chumba cha kupanga hakimezi nusu ya mshahara. Mtumishi anayekodi shamba na kulima kwa maksai, kama wenyeji wafanyavyo, hupata chakula cha mwaka na ziada ya kuuza. Kinyume chake, saruji, mabati, sukari na vitabu hupanda bei kwa sababu ya safari. Anayetaka kujenga apige hesabu mapema.

Na safari yenyewe? Zamani mazao ya Rukwa yalikaa yakingoja malori, na malori yakakwama matopeni. Reli ya TAZARA haifiki kwetu. Inapita Tunduma na kuingia Zambia. Lakini barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yapata kilomita 220, iliwekwa lami katika muongo wa 2010, na lami imeshuka pia kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga. Mtu aliyeondoka Rukwa mwaka 2005 na kuapa kutorudi anazungumzia barabara ambayo haipo tena.

Nisiwadanganye lakini. Barabara nyingi za kuteremka bondeni na za vijiji vya mwambao ni za udongo, na katika Februari na Machi mtu anaweza kukaa siku kadhaa asipate gari. Wakulima na wafugaji wa bondeni hugombania ardhi, na mtendaji wa kijiji atajikuta katikati yao. Nyumba za walimu ni chache. Mama mjamzito aliye mbali na hospitali ana sababu halali ya kuwa na hofu, na sitaki mtu yeyote amwite mwoga.

Hapo ndipo ninapowageukia wakubwa waliokaa mstari wa mbele. Mkoa hauwezi kupendwa kwa hotuba. Kijana aliyefika stendi ya Sumbawanga usiku akiwa na begi moja, ambaye fedha zake za kujikimu zitalipwa baada ya miezi mitatu, amekwisha kufundishwa na mwajiri wake kwamba hakuhitajika. Atakopa kwa mwenye duka, ataona aibu, na akipata likizo hatarudi. Halmashauri ambayo ina nyumba moja tu ya kumpa mtumishi mpya, na impe yule aendaye mbali zaidi, si yule aliye karibu na ofisi ya anayegawa. Tena iko desturi moja ambayo naisema bila kumtaja mtu, kwa kuwa imefanywa na wengi: ya kumhamishia mikoa ya pembezoni mtumishi aliyekosa kazini. Kama mtu ni mwizi, ashitakiwe. Kama ni mlevi, aonywe, kisha afukuzwe. Mtoto wa Laela amekosa nini hata apelekewe mwalimu ambaye Dar es Salaam imemkataa? Na yule mwalimu mwema aliyeomba mwenyewe kwenda Laela atajibu nini wenzake wakimwuliza alifanya kosa gani?

Mimi ningependa barua ya kumpangia mtumishi Rukwa iambatane na karatasi moja zaidi, inayoeleza kituo chake kiko uwandani, bondeni au ziwani, nyumba ipo au haipo, zahanati iko umbali gani, na jina la mtu atakayempokea. Karatasi hiyo haihitaji fungu jipya la bajeti.

Kwenu ninyi mnaosafiri, nina machache. Waendao uwandani wachukue blanketi zito, kwani Juni na Julai baridi ya Ufipa haina mzaha. Waendao bondeni na ziwani wachukue chandarua. Ripotini kwa mwenyekiti wa kijiji siku ile ile mliyofika, kabla ya kutafuta mtandao wa simu. Jifunzeni salamu za Kifipa kwa watoto, watawacheka na kisha watawafundisha. Na anayetaka shamba asingoje Desemba. Mvua huanza Novemba, na mashamba mazuri ya kukodi huwa yamekwisha kuchukuliwa mwezi wa Septemba.