Bukari Peke Yake Haijengi Mtoto
(Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto, Dilolo)

Kaeni vizuri. Mwenye kunyonyesha anyonyeshe, tuongee kidogo.

Siku moja mama alinileta mtoto wa miaka miwili. Akasema: «Mama, mtoto amenona, lakini hachezi tena.» Nikabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki pale pale. Ule haukuwa unono, yalikuwa maji. Nywele zake zilikuwa nyekundu-nyekundu, na ngozi inabambuka. Nikauliza: «Anakula nini?» «Bukari ya mihogo, Mama, asubuhi na mangaribi. Anashiba.» «Na mboga?» «Mchuzi tu. Samaki ni ya baba.»

Mama yule alimpenda mtoto wake, na shamba lake lilikuwa kubwa. Kuna neno moja tu hakuambiwa. Ndilo ninawaambia leo.

Mwili ni kama nyumba ya matofali. Matofali yake yanaitwa asidi amino. Yako ya namna 20. Mengine mwili unajifyatulia wenyewe, lakini namna 9 hauwezi kabisa. Lazima ziingie kwa kinywa. Na ikikosekana namna moja tu, fundi anasimamisha kazi, hata kama mengine yamejaa uwanjani.

Sasa mihogo inatupa nguvu ya kulima na kutembea, lakini matofali yake ni machache sana. Mahindi yanayo zaidi, lakini yamepungukiwa na tofali linaloitwa lisini. Maharagi yana lisini nyingi, ila yamepungukiwa na metionini, na hiyo mahindi inayo. Mwaona? Maharagi na mahindi yanasaidiana kama majirani wawili. Samaki, ndakala, yai, nyama na maziwa vyenyewe vina matofali yote.

Ugonjwa wa mtoto yule unaitwa kwashiorkor. Jina hilo linatoka kwa Waga wa Ghana: ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Daktari Cicely Williams aliuandika miaka ya 1930. Kuhara na surua pia vinauleta, lakini chakula cha namna moja kinaufungulia mlango.

Kuna jambo lingine, nalo linatuhusu sisi wala mihogo. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Mwili unaifukuza sumu hii kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo unatumia salfa ya metionini na ya mwenzake, sisteini. Mtu asiyekula maharagi wala samaki hana cha kuifukuzia. Huko Kwango, katika inchi yetu hii, watu wengi walipata konzo: miguu inakakamaa ghafula, na haiponi tena. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938, na hata miaka hii umeonekana upande wa Kahemba na Popokabaka. Unakamata zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Kwa hiyo, hata njaa ikibisha hodi, msiitoe mihogo majini mbele ya wakati.

Mtaniambia: «Mama, feza ya nyama iko wapi?» Sikusema nyama kila siku. Twanga ndakala zilizokauka, kijiko kimoja kiingie katika uji. Kaanga karanga, utwange, utie katika sombe. Karanga zenye ukungu tupa. Ponda maharagi yaliyoiva sana, ondoa maganda. Na baba akiletewa samaki, mtoto apewe kipande chake kwanza. Baba mwenye akili hatakasirika. Ni nyumba yake inajengwa.

Mtoto yule alipona, lakini alilala hospitali majuma mengi. Wengine wanaletwa wamechelewa.

Tukumbuke:

1. Nyonyesha mpaka miaka miwili. Toka mwezi wa 6 ongeza chakula.
2. Kila siku, pamoja na bukari: maharagi, karanga, samaki ao yai.
3. Mihogo michungu ilale majini siku tatu, kisha ianikwe juani. Sombe itwangwe na ichemke sana.
4. Mguu ukivimba, bonyeza. Shimo likibaki, lete mtoto siku ile ile.

Sasa tupange mstari, tupime watoto.